Mkwaruzo Kwenye Harusi ya Kidahwe

Ishikeni kwa ukingo, wanangu. Kidole kimoja kwenye tundu la katikati, vingine pembeni, kama mnavyoshika chapati inayotoka kwenye kikaango ikiwa bado ya moto. Najua wengi wenu hamna deki nyumbani, na CD mnazozijua ni zile zinazoning'inizwa mashambani kutisha ndege. Lakini iko siku utafungua sanduku la mama yako, utaikuta moja imeviringishwa kwenye kanga, na mtu mzima ataanza kulia mbele yako kwa sababu haisomi. Siku hiyo utatamani ungenisikiliza.

Mimi ni Bi Mwanaidi. Pale Gungu, Kigoma, walizoea kuniita Mama Sidii, na wapo waliodhani ndilo jina la mwanangu wa kwanza. Nimezaliwa Ujiji, nimeolewa Ujiji, lakini riziki yangu ilikuwa Gungu, kwenye kibanda cha mbao kati ya fundi cherehani na muuza mkaa. Muuza mkaa alikuwa jirani mwema na adui mkubwa wa kazi yangu. Akipakua gunia moja tu, mimi nafunika kila kitu kwa shuka na kutoka nje kumsalimia mpaka vumbi litulie. Kazi yangu ilikuwa kufufua CD na DVD zilizokwaruzika, ili mtu apate tena kilichomo: harusi, kwaya, mawaidha, picha za msiba, filamu za kukodisha. Niliifanya mpaka wateja walipokwisha, na sijutii hata siku moja.

Aliyenifundisha hakuwa fundi wa CD. Mzee Bukuru alikuwa fundi saa, na meza yake ilikuwa karibu na stesheni ya reli, Kigoma mjini. Saa nyingi za bei nafuu kioo chake ni plastiki, kinachubuka upesi. Mzee Bukuru alikuwa akikisugua kwa dawa ya meno na kipande cha fulana kuukuu mpaka kinarudi kuwa kama maji. Mume wangu wakati huo alikuwa anakodisha filamu, na kila jioni CD zilirudi zimechubuka kama magoti ya watoto. Siku moja nikachukua moja, nikaenda nayo stesheni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Saa imesimama?"

"Saa sina. Nimekuja na hii. Si plastiki kama kioo cha saa?"

Akaigeuzageuza juani, akaisogeza karibu na miwani yake. "Plastiki ni plastiki," akasema. "Ila kioo cha saa ukikikosea, saa itaendelea kutembea. Hii ukiikosea, umemfutia mtu maneno yake."

Akanipa kipande cha fulana, akanionyesha mkono unavyokwenda. Na mimi, kwa ujuaji wangu, nikarudi nyumbani nikaisugua kama nilivyomwona akisugua saa, yaani mduara, mduara, mduara. Wanangu, iling'aa! Ungeweza kujipaka wanja kwa kuitazama. Nikaiweka kwenye deki. Deki ikaguna, ikazungusha, ikaguna tena, kisha ikaitema nje kama mtoto anayekataa uji.

Kesho yake nikampelekea Mzee Bukuru. Alicheka mpaka akavua miwani afute machozi.

"Sasa imekuwa kioo kweli," akasema. "Itundike ukutani, ujitazamie."

Niliitundika, na nilijitazamia miaka mingi.

Tulikaa pale mezani kwake mpaka tukaelewa kosa langu. Deki inasoma CD kwa kuzunguka, kuanzia katikati kwenda nje. Fikiria barabara ya Kasulu ilivyokuwa kabla ya lami. Mfereji uliokatiza barabara, gari litaruka, utagonga kichwa kwenye paa na safari itaendelea. Lakini ukiingiza tairi kwenye mfereji uliochimbika kwa urefu wa barabara, umekwisha, unakwenda nao mpaka unakwama. Mikwaruzo ya mduara ndiyo mfereji wa urefu. Kwa hiyo, ukisugua, sugua kwa mstari ulionyooka kutoka tunduni kwenda ukingoni, kama spoki za baiskeli, taratibu, kitambaa laini, dawa ya meno nyeupe isiyo na chembechembe. Kisha osha kwa maji, ipanguse, iache ikauke yenyewe. Usiianike juani. Jua la kwetu halina huruma kwa CD.

Na jambo jingine, kabla hujasugua chochote, inyanyue uitazame kwenye mwanga. Watu wote wanaogopa mikwaruzo ya chini, upande unaong'aa. Mimi niliogopa ya juu, upande wa maandishi, kwa sababu kwenye CD maneno yamelala pale pale chini ya rangi. Rangi ikibanduka, imebanduka na maneno. Ukiona mwanga unapenya kama kwenye bati lililotoboka, mpe mwenye CD pole, usimpe matumaini. DVD ina unafuu, kwa sababu maneno yake yako katikati kama nyama ndani ya sambusa. Juu plastiki, chini plastiki.

Nisiwachoshe na mafundisho. Niwaambie kisa cha mawese.

Alikuja bwana mmoja mvuvi wa dagaa, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kuongea na watu walio kwenye boti nyingine. Akaweka CD juu ya meza yangu. Ilikuwa nyekundu, inateleza, na nyuma yake kulikuwa na msafara wa sisimizi.

"Baba, hii imepatwa na nini?"

"Ilikuwa inakwaruza, mama. Inafanya krr, krr. Nikaona inataka mafuta."

"Ukaitia mawese?"

"Injini yangu ikifanya hivyo naitia mafuta, inanyamaza."

Niliiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, nikaisugua kidogo, ikaimba toka mwanzo hadi mwisho. Nilimweleza kwa kirefu kwamba kilichosaidia ni sabuni. Akanishukuru sana, akaenda mwaloni, wanakoegesha boti, kuwatangazia wenzake kwamba mawese yanafanya kazi, ila lazima umalizie kwa Mama Sidii. Kwa muda kibanda changu kilinukia kama jikoni siku ya sikukuu, na fundi cherehani akawa kila mchana anauliza kuna mboga gani.

Lakini kazi ambayo hadi leo naiona kubwa kuliko zote ilitoka kijijini Kidahwe.

Aliileta binti mmoja, Skolastika, asubuhi, amebeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Walikuwa mapacha. Akanisalimia kwa adabu, akakaa kwenye benchi, akatoa DVD kwenye mfuko wa karatasi. Ilikuwa ya harusi yake. Mpiga picha aliwapa moja tu, kisha akahamia mbali na kompyuta yake ikafa. Hiyo moja ikazunguka kijiji kizima, kwa sababu kila nyumba ilitaka kujiona ikicheza. Ilipita kwenye mikoba, juu ya meza zenye mchanga, chini ya masufuria. Ilipomrudia, ilikuwa inafika kwenye hotuba za wazazi, inaganda.

"Nataka hapo tu, mama," akaniambia. "Hata picha isiwepo. Sauti inatosha."

"Hapo pana nini?"

Akampapasa mtoto mgongoni. Kisha akanieleza. Alikuwa anasomea uuguzi hapa Kigoma mjini alipochumbiwa na kijana wa Kidahwe, Filbert. Akaomba kusimamisha masomo, akaolewa, akashika mimba. Siku ya harusi mama mkwe wake alishika kipaza sauti akasema mbele ya watu wote kwamba binti huyu atarudi chuoni, na watoto atawalea yeye. Sasa chuo kilikuwa kimemwambia muhula huu ndio wa mwisho wa kumsubiri. Asiporudi, nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

"Na mama mkwe anasemaje?"

"Anasema hakumbuki kusema hivyo."

"Na wewe ukamwambia nini?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kama amewahi kumpiga mama yake. "Ningemwambia nini, mama? Mkwe wangu akisema hakusema, mimi nani wa kusema alisema? Nitaonekana nimemwita mwongo. Ila CD haina mkwe."

Nikaichukua. Nikaitazama juani. Juu nzima. Chini ilikuwa kama sakafu ya jikoni, lakini mikwaruzo mingi ilikatiza, ilikuwa ya kuruka. Ilikuwepo mmoja tu wa mduara, mpana, karibu na ukingo. Nikamwambia aniachie, sitamwahidi kitu.

Siku iliyofuata, nikiwa nimeishasugua mara moja na kuiacha ikauke, bodaboda ikasimama mbele ya kibanda. Akashuka mama mtu mzima, mrefu, anashika kiti cha pikipiki kwanza ndipo anaamini ardhi.

"Mwakeye," akanisalimia kwa Kiha.

Nikamwitikia, nikampa benchi. Akakaa, akaanza kusugua magoti yake kwa viganja. Akaniambia yeye ni Mama Filbert, wa Kidahwe. Nikajua.

"Dada yangu," akasema, "nasikia umepewa CD ya harusi ya mwanangu. Sijaja kugombana. Nimekuja kukuomba. Mashine ikishindwa, si kosa la mtu. Zinashindwa kila siku."

"Zinashindwa, kweli."

"Basi hii nayo ishindwe."

Muuza mkaa alikuwa anapakua gunia. Nikasimama nikafunika vitu vyangu kwa shuka, nikapata nafasi ya kufikiri. Niliporudi kukaa nikamwambia, "Mama Filbert, nikisema haisomi na kumbe inasoma, siku ile isiposoma kweli nani ataniamini? Hiyo ndiyo mali pekee niliyo nayo kibandani humu. Lakini niambie. Unakumbuka ulichosema?"

Akacheka kidogo, bila furaha. "Nakumbuka kila neno. Siku ile nilikuwa na miguu, dada. Nilicheza mpaka ngoma ikachoka. Sasa nikiinama kuchota maji, mpaka mtu aje aninyanyue. Mapacha wanatambaa, mmoja anakwenda kwenye moto, mwingine kwenye kisima. Nitamkimbilia yupi?"

"Hilo si ungemwambia binti?"

"Nimwambie nimezeeka?" Akatazama barabarani. "Na siyo hilo tu. Akishakuwa nesi watampangia kazi mbali. Filbert atamfuata mkewe, ndiyo haki. Watoto watafuata mama yao. Mimi nitabaki Kidahwe na kuku."

Nikamwagizia chai kwa mama ntilie, tukanywa pamoja, tukazungumza habari za mvua na bei ya maharage. Alipoondoka aliniambia, "Fanya kazi yako, dada. Mimi nimekwisha omba, na wewe umekwisha jibu."

Kwa hiyo nikafanya kazi yangu. Na hapa ndipo nawaomba msikilize kwa makini. Deki haziko sawa. Deki mpya inakimbia, ikikutana na mkwaruzo inakata tamaa. Mimi nilikuwa na kompyuta moja nzito, kongwe, inayosoma polepole kama mzee anayesoma barua bila miwani, lakini ikikwama inarudi nyuma, inajaribu tena, inarudi tena. Hiyo ndiyo niliyoipa harusi ya Kidahwe. Sehemu za mwanzo zikapita. Maandamano, keki, zawadi, ng'ombe anayekataa kuingia uani. Ikafika kwenye hotuba, ikaanza kukwama. Nikaitoa, nikasugua, nikaosha, nikairudisha. Umeme ukakatika katikati. Nikangoja. Umeme uliporudi nikaanza upya.

Mchana wa siku ya tatu sauti ikatoka. Picha ilikuwa imeganda juu ya uso wa bwana mmoja anayekula, lakini sauti ilikuwa ya Mama Filbert, imara, inajaza kibanda: "Huyu binti ameacha chuo kwa ajili yetu. Mimi nasema atarudi. Watoto watakaozaliwa nitawalea mimi, kwa mikono yangu hii!" Kisha vigelegele. Kisha kimya, na mashine ikakwama tena.

Nilikuwa nimekipata kilichotakiwa. Ningeweza kuikata pale, nikampa binti sauti yake, nikafunga kazi. Lakini Mzee Bukuru alikuwa na neno lake: usimrudishie mtu saa kwa sababu tu imeanza kutembea, ngoja uone kama inafika jioni. Pale mbele ndipo ulipokuwa ule mkwaruzo mpana wa mduara, na nyuma yake harusi ilikuwa haijaisha. Nikaendelea. Nilisugua mpaka bega likauma. Nikajaribu tena na tena. Mwishowe mashine ikavuka, picha na sauti kwa pamoja, na nilipoona kilichokuwepo pale nikaiacha mikono yangu mezani, nikatuma salamu Kidahwe kwamba waje wote.

Walikuja watatu. Filbert alisimama mlangoni, kijana mpole, anazungushazungusha kofia, mtu aliyekaa muda mrefu kati ya mama na mke na hajui amtazame nani. Mama Filbert akakaa kwenye benchi. Skolastika akakaa chini kwenye mkeka na watoto.

Nikawasha. Ilipofika kwenye ngoma, Mama Filbert akajiona akicheza, kitenge kipya, kilemba kimekaa upande.

"Hee! Na hakuna aliyeniambia kilemba kimepinda!"

Filbert akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. Kisha hotuba ikaja. Sauti yake mama mwenyewe ikasema maneno yale. Skolastika akainamisha kichwa, hakumtazama mkwe wake hata kwa pembe ya jicho. Mama Filbert akabaki amekaza macho kwenye kioo.

"Ni kweli nilisema," akasema polepole. "Nilikuwa najua."

Nikamwambia, "Subiri kidogo. Haijaisha."

Vigelegele vikaendelea. Mpiga picha alikuwa amesogea karibu na bibi harusi. Mama Filbert yule wa kwenye kioo amemkumbatia Skolastika, anageukia watu, anapunga mkono, hasikii kitu kwa kelele. Na Skolastika, mdomo wake karibu na sikio la mkwe wake, machozi yanamshuka, anasema, na kamera ikanasa: "Na mimi sitakuacha, mama. Nitakakokwenda, tutakwenda wote."

Fundi cherehani wa jirani aliacha kukanyaga, nadhani alikuwa anasikiliza.

"Rudisha," akasema Mama Filbert.

Nikarudisha. Ikasema tena. Skolastika ameweka kiganja mdomoni. "Nilisema," akanong'ona. "Nilikuwa nimesahau kabisa."

"Mimi sikulisikia," akasema Mama Filbert. "Siku zote hizi sikulisikia." Akamgeukia mkwe wake, na akalisema lile lililomshinda kulisema kwa miezi yote: "Mwanangu, magoti yangu yamekufa. Siwezi kuwakimbiza hawa peke yangu kule. Sikukataa kwa ubaya. Niliogopa."

Skolastika akainuka, akaenda kupiga magoti mbele ya benchi, akamshika yale magoti mabovu kwa mikono miwili. "Kwa nini hukuniambia, mama? Mimi si ndiye nesi?"

"Bado hujawa," akasema Mama Filbert, na tukacheka wote huku tunafuta machozi, hata Filbert pale mlangoni.

Mambo yalipangwa palepale, kwenye benchi langu. Filbert akapanga chumba Gungu, mtaa wa nyuma ya kibanda. Yeye mwenyewe akabaki Kidahwe na shamba, akija kila mwisho wa wiki na mihogo na maharage. Mama Filbert akahamia mjini na mapacha, mahali ambapo hapana kisima wala moto wa kuni uani, na Skolastika akawa anatoka darasani anarudi kwa watoto wake jioni. Mchana, mama yule na wale watoto walikuwa kwenye mkeka kati yangu na fundi cherehani, na kila mpita njia akawa mlezi. Alinifundisha Kiha cha matusi matamu. Mimi nilimfundisha kuisugua CD kwa mstari, akawa hodari kuliko mimi, ila alikuwa anaongea nayo: "Sema, mama, sema, usiogope."

Kazi ilipungua, kama mjuavyo. Zikaja flashi, zikaja simu zinazobeba harusi kumi mfukoni. Wateja wakawa wachache, kisha wakawa wazee watupu, kisha nikafunga. Watu wananionea huruma, na sijui wananihurumia nini. Niliishi kwa kurudisha vitu vilivyodhaniwa vimepotea, jirani zangu walikuwa watu wema, na chai ilikuwa tamu. Simu zenu nazo zitaanguka majini siku moja, ndipo mtamtafuta mtu mwenye subira. Muwe nyie.

Skolastika alihitimu. Alipangiwa kituo cha afya mbali kidogo na hapa, na siku ya kumpongeza, Kidahwe, uwanja ulijaa. Mama Filbert alikaa kiti cha mbele, mizigo yake ikiwa imeishafungwa tayari kwa safari, na hakukubali mtu mwingine aishike. Wakaanza kuita watu wa kuzungumza. Nikasikia jina langu. Nikapewa kipaza sauti, nikanyanyua macho, nikaona simu zimeinuliwa uwanja mzima, kila moja inanitazama, na hakuna hata moja itakayokwaruzika.

"Hongera, mwanangu," nikasema, nikakirudisha kipaza sauti.

"Sema zaidi!" Mama Filbert akapaza sauti kutoka mbele. "Ahidi kitu!"

"Nenda zako," nikamjibu, nikaenda kukaa karibu naye, tukacheka mpaka wali ukaletwa.